Paa la Mkunga wa Kyebando

Mtuhumiwa alikuwa anakula ndizi mbivu aliyopewa na askari wa zamu. Aliila polepole, kama mtu asiyejua kama kutakuwa na nyingine.

"Jina," alisema Sajini Erinayo Ochola.

"Khisa, afande. Jana wameliandika mara tatu."

"Jana mimi nilikuwa Tororo. Kazi?"

"Nabeba taka za majumbani. Matawi, majani, migomba iliyoanguka, matope ya mvua. Nina lori langu mwenyewe. Mimi wa Bungoma, lakini Kampala niko mwaka wa tisa."

Ochola alifungua daftari. Ilikuwa Jumatano asubuhi, na mji mzima ulikuwa bado unaokota vipande vyake tangu dhoruba ya Jumapili. Pale Kyebando peke yake miti kumi na minne ilikuwa imelala chini. Mmojawapo, mvule mzee, uliangukia wodi ndogo ya mkunga Nanyama na kulifumua paa lote. Mabati mazima kumi na manane yaliokotwa uani na kwenye migomba ya jirani. Jumanne asubuhi hayakuwepo. Mwaka ule wa sabini na sita bati lilikuwa adimu kuliko sukari. Mwenye bati alilala macho akililinda.

"Jumatatu ulibeba nini kwa mkunga?"

"Matawi ya mvule, afande. Safari tatu. Mbili nimepeleka kwa watu wa tanuri la matofali, kule bondeni. Ya tatu Namuwongo, kwa mama mmoja wa kuni anaitwa Adero."

"Na mabati?"

"Yaliyokunjika nilibeba. Mazuri mkunga mwenyewe aliyapanga nyuma ya jiko. Sikugusa." Khisa alikunja ganda la ndizi vizuri, akaliweka kando. "Mimi nabeba takataka. Mwenye nyumba akisema hii si takataka, mkono wangu unaondoka hapo hapo. Nikifanya vingine, nani ataniita tena kwake?"

"Ulitoka saa ngapi safari ya mwisho?"

"Saa kumi na moja jioni. Mvua ilinikuta Namuwongo."

Ochola aligeuza ukurasa. Kulikuwa na maelezo ya shahidi mmoja tu, Koplo Marjan, dereva wa Kapteni Abudu wa jeshi, jirani wa mkunga. Karani alikuwa ameyaandika kama yalivyotamkwa, kwa Kiswahili cha kambini, ambamo "napakia" huweza kuwa "anapakia": *Mimi naona huyu Mkenya kwa macho yangu. Napakia mabati ile nyeupe kwa lori, saa kumi na moja jioni, Jumatatu. Halafu nakimbia na lori.*

Mkuu wa kituo alimngoja Ochola mlangoni.

"Usijichoshe," alimwambia kwa sauti ya chini. "Saa kumi leo gari litakuja kumchukua. Kapteni anasema watamhoji wao."

Nyuma ya kaunta kulikuwa na droo walimoweka mikanda ya mahabusu. Mitano kati ya mikanda iliyokuwemo ilikuwa ya watu waliochukuliwa na magari ya namna hiyo, na hakuna aliyerudi kuulizia mkanda wake.

"Saa kumi, afande," alisema Ochola. "Sasa ni saa tatu na nusu. Naomba pikipiki."

Mkunga Nanyama alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono myepesi, na kicheko chake kilimtangulia mlangoni. Wodi yake ilikuwa kuta nne, mbao za paa zilizobaki, na anga. Akina mama wawili wa wodini aliwalaza sebuleni kwake, mmoja kwenye kochi, mwingine chini ya meza ya chakula ambako, alisema, hakukuwa na upepo.

"Karibu, Sajini. Kanyaga pole, hapo kuna mtoto wa siku mbili."

"Mama, nionyeshe ulipoweka mabati."

Alimpeleka nyuma ya jiko. Ochola alichuchumaa. Ardhi ya uani pale ilikuwa udongo mtupu, mwekundu, uliolowa Jumatatu usiku na kukauka kwa jua la jana. Kila mahali uso wake ulikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama maandazi yaliyochomwa kwa uma: alama za matone. Ila mahali pamoja, penye urefu wa bati na upana wa bati, udongo ulikuwa laini kama ukuta uliopigwa lipu. Pembeni yake maji yalikuwa yamechimba mfereji mwembamba, ulionyooka.

"Mvua ya Jumatatu ilianza saa ngapi?"

"Saa moja usiku. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nakata kitovu, maji yakaanza kuingia dirishani."

"Na kabla ya hapo?"

"Jua kali mchana kutwa."

Ochola alipitisha kidole kwenye mfereji. Maji yalikuwa yametiririka kutoka ukingo wa bati. Mabati yalikuwa bado pale mvua ilipokuwa inanyesha, na Khisa alikuwa ameondoka saa mbili nzima kabla ya mvua.

"Mama, Koplo Marjan anasema alimwona Khisa akiyapakia saa kumi na moja."

"Marjan anasema mengi," alisema Nanyama. "Aliwahi kusema ataoa."

Karibu na ua wa minyaa, upande wa Kapteni, palikuwa na alama moja ya kiatu ambayo majirani hawakuikanyaga. Soli yenye meno mapana, kisigino kizito. Buti. Ochola aliitazama kwa muda, kisha akafunga daftari bila kuiandika. Udongo ungesema Khisa hakuchukua mabati. Lakini udongo haupigi saini, na gari la saa kumi lisingesimama kwa ajili ya vishimo vya mvua. Alihitaji mtu aliyemwona Khisa mahali pengine. Zaidi ya hapo, alihitaji mabati yenyewe.

Namuwongo, kando ya reli, Adero alikuwa amepanga kuni zake kwa ukubwa, kama mwenye duka la nguo. Juu ya rundo kubwa kuliko yote yalilala mabati mawili, mazima, yamekandamizwa kwa mawe.

Ochola alizima pikipiki.

"Omera, ndugu yangu, unatafuta kuni au unatafuta mtu?" aliuliza Adero. Alikuwa Mjaluo wa Kisumu, na alimjua polisi hata akiwa na shati la kiraia.

"Mabati haya umeyapata wapi?"

"Yale? Ni ya jiko langu la zamani. Yageuze uone."

Ochola alitoa mawe, akageuza bati la kwanza. Upande wa chini ulikuwa mweusi tii, na masizi yakamshika vidole vyote. La pili vilevile. Alipima kwa shubiri nafasi kati ya matundu ya misumari: shubiri mbili. Kwa Nanyama mbao za paa zilikuwa zimeachana shubiri nne. Alikuwa amezipima kabla ya kuondoka.

"Si haya anayosingiziwa Khisa," alisema, na Adero akacheka alivyomwona anajifuta masizi kwenye suruali.

"Khisa ameua mtu?"

"Ameua nani? Jumatatu jioni alikuwa wapi?"

"Hapa! Uliza soko zima. Amefika na matawi ya mvule, mvua haijaanza. Tunashusha, mvua ikapiga. Lori likazama kwenye matope mpaka kwenye ekseli. Tumelisukuma watu ishirini na watano, omera. Mpaka yule mzee anayeuza chumvi alisukuma, na yeye hata mlango hasukumi. Limetoka saa nne usiku. Khisa amelala ndani ya lori lake pale pale, kwa sababu breki ilijaa matope."

"Ndani ya lori kulikuwa na nini?"

"Matope na Khisa."

"Utaweka dole gumba kwenye karatasi?"

Adero alimtazama. Watu waliweka dole gumba kwenye karatasi, kisha karatasi ikawarudia. Alishika kiuno, akatazama reli, akatazama rundo la mvule aliloletewa.

"Huyu Khisa," alisema, "mume wangu alipokufa alimpeleka Kisumu kwa lori hilo hilo. Aliliosha siku nzima kwanza. Lete wino."

Saa sita na nusu Ochola alikuwa amerudi kwa Nanyama, amekaa kwenye ngazi, anasoma tena maelezo ya Marjan. Alikuwa na shahidi. Kesho, mbele ya hakimu, angetosha. Leo saa kumi asingetosha. Alisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama alivyofundishwa.

"'Napakia mabati ile nyeupe kwa lori...'"

"Amesema nini?" Nanyama alitoka na beseni la nguo mkononi.

"Mabati nyeupe."

"Mabati yangu yana kutu, Sajini. Yana miaka kumi na moja. Kwa nje ni mekundu kama ardhi hii."

"Kwa nje?"

Nanyama aliweka beseni chini.

"Kwa ndani nilipakisha rangi nyeupe. Wodi ina dirisha moja, nikataka taa ya chemli iangaze vizuri. Lakini hiyo haionekani. Ukipita njiani unaona kutu. Na Jumatatu niliyapanga kutu juu, nyeupe chini, rangi isiloane."

"Nani anaijua hiyo rangi?"

"Fundi aliyepaka, amekwisha kufa. Mimi. Na akina mama." Alianza kucheka, mabega yakimtikisika. "Sajini, mtu hawezi kuiona rangi ile mpaka alale chali kitandani kwangu amepanua miguu. Muulize Marjan alijifungua lini, na kama ni msichana au mvulana."

Ochola alisimama. Mtu wa pili angeweza kuiona: yule aliyeyageuza.

"Akina mama wanaweza kuyatambua?"

"Wasiyatambue? Mtu akitazama dari kwa saa tisa, anaijua kuliko uso wa mumewe."

"Mke wa Kapteni Abudu alijifungulia wapi?"

"Ayot? Hapa hapa. Mtoto wa kwanza. Wa pili atakuja mwezi huu." Kicheko cha Nanyama kilikatika. Alimtazama Ochola, kisha akatazama upande wa pili wa ua wa minyaa, kwenye nyumba ya Kapteni. "Sajini. Una mke?"

"Ninaye."

"Anajua unakokwenda?"

"Nakwenda kupata saini ya Koplo Marjan," alisema Ochola. "Maelezo yake hayana saini. Na wewe unakwenda kumpima mgonjwa wako. Tukifika pamoja ni bahati tu."

Nyumba ya Kapteni ilikuwa na bustani, na katika bustani hiyo banda jipya la gari, mbao zake bado zinanuka msumeno. Kapteni Abudu mwenyewe alikuwa amekaa barazani, shati limefunguliwa vifungo viwili, anakula muhogo. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ndogo. Watu waliogopa sauti ile zaidi kuliko kama angepiga kelele.

"Polisi," alisema. "Nataka nini?"

"Saini ya Koplo, afande. Karani alisahau."

"Marjan! Kuja."

Marjan alitoka bandani akijifuta mikono, kijana mrefu mwenye meno mazuri. Wakati huo huo Ayot alitoka ndani, tumbo mbele, mkono mmoja mgongoni, akamkumbatia Nanyama kwa furaha.

"Mama! Nilitaka kukuita. Huyu anapiga teke usiku kucha."

"Anataka kutoka aone dunia. Tembea kidogo nikutazame," alisema Nanyama. "Jua kali. Twende pale kwenye kivuli."

Wakaingia bandani.

Ochola alimpa Marjan kalamu. "Nikusomee kwanza, Koplo, ili usitie saini usichokijua." Akasoma pole, na alipofika kwenye rangi akasimama. "Mabati nyeupe. Ni sawa?"

"Ni sawa. Nyeupe kabisa."

"Uliyaona ukiwa wapi?"

"Njiani. Mimi napita."

"Yalikuwa yamepangwa kutu juu."

Marjan alizungusha kalamu. "Labda... Mkenya nageuza."

Kapteni aliacha kutafuna.

Ndipo sauti ya Ayot ikapaa kutoka bandani, sauti ya mtu aliyekutana na ndugu kituo cha basi.

"Kuku wangu!"

Kapteni alikuwa wa kwanza kufika. Ochola alimfuata. Ayot alikuwa ameegemea boneti la gari, shingo ameikunja nyuma, kidole kinaonyesha juu. Ndani, banda lote lilikuwa jeupe. Kwenye bati la nne kutoka mlangoni kutu ilikuwa imetoboa rangi na kuchora umbo: mwili wa duara, mdomo, mguu mmoja.

"Abudu, huyu kuku namjua! Siku namzaa Okello nimemtazama kutoka asubuhi mpaka jioni. Nimemtukana huyu kuku. Nimemwambia siri ambazo wewe sijakwambia. Anafanya nini kwa gari yako?"

Ochola alitazama juu pia, kwa sababu hakutaka kutazama uso wa Kapteni. Kati ya misumari mipya aliona matundu ya zamani, mwanga unapenya, na kutoka tundu hadi tundu palikuwa shubiri nne.

"Marjan," alisema Kapteni kwa ile sauti yake ndogo. "Wewe nasema mabati natoka wapi?"

"Stoo ya jeshi, afande."

"Stoo gani?"

Marjan alitazama buti zake. Zilikuwa na udongo mwekundu uliokauka kwenye meno ya soli.

"Na yule Mkenya? Nani nasema Mkenya ni mwizi? Nani naniambia ile tumlete kwetu?"

"Mimi, afande."

Nzi alizunguka sahani ya muhogo barazani. Ochola alijua sasa Kapteni ana njia mbili, na kwamba katika moja ya hizo mtu wa kwanza kupotea angekuwa sajini aliyekuja na daftari. Akasema haraka, kabla njia haijachaguliwa:

"Afande, mimi nimeshaandika. Mabati ya mkunga yalikuwa uani, hayana ulinzi. Kapteni akaagiza yahifadhiwe kwake yasiibwe, mpaka mbao za wodi zikarabatiwe. Dereva hakuelewa amri vizuri. Basi."

Kapteni alimgeukia. "Wewe naandika hiyo?"

"Ninaandika sasa hivi, afande."

Ayot aliketi juu ya gurudumu la akiba, taratibu, akishikilia tumbo.

"Andika vizuri, Sajini," alisema. "Na andika hii pia. Mimi sizai kwa mvua wakati gari inalala kwa wodi yangu. Nitakuja kuzaa hapa hapa, kwa kiti cha nyuma. Mama Nanyama, kitatosha?"

"Kitatosha," alisema Nanyama kwa uzito wote wa kazi yake. "Ila hakitasafishika."

Kapteni Abudu alitazama kiti cha nyuma cha gari lake, cha ngozi ya rangi ya maziwa. Kitu kilimtikisa kutoka tumboni. Ochola alidhani ni hasira, mpaka alipoona machozi. Kapteni alikuwa anacheka, bila sauti mwanzoni, halafu kwa sauti ambayo hakuna mtu wa Kyebando aliyewahi kuisikia, kubwa, ya mtu wa kawaida.

"Kuku!" alisema, akijipangusa. "Marjan, panda juu. Toa yote. Moja moja. Ukikunja bati, mimi nakunja wewe. Halafu utapeleka kwa kichwa yako, utagonga mwenyewe."

"Na yule mtu wa selo, afande?" aliuliza Ochola.

"Nani?"

"Khisa. Wa lori."

"Toa yeye. Ule mti mkubwa iko bado pale kwa mama, hapana? Sasa nani nabeba?"

"Mkuu wangu atataka karatasi."

Kapteni alinyoosha mkono, akachukua kalamu ile ile aliyopewa Marjan, na kuandika mistari miwili juu ya goti.

Saa tisa na robo Ochola aliiweka karatasi hiyo juu ya kaunta. Mkuu wa kituo aliisoma mara mbili, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, kisha akavuta droo mwenyewe. Khisa alitoka selo akikunja macho kwa mwanga. Alivaa mkanda wake palepale, mbele ya watu wote, akakosa tundu mara tatu.

"Lori langu liko wapi?"

"Nje," alisema Ochola. "Nimetia maji kwenye rejeta."

"Afande, nitakulipa nini?"

"Mkunga anasema umeacha gogo uani kwake."

Khisa alimtazama, halafu akatoka mbio, kweli mbio, mtu mzima wa miaka arobaini na tano, akipiga honi kabla hata hajawasha injini vizuri.

Walipofika kwa mkunga, uani hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Habari ilikuwa imetembea kwa miguu ya wanawake. Walikuja waliojifungulia pale na wasiojifungulia, na waume wao, na nyundo zao. Mwendesha msumeno mmoja alilikata gogo la mvule vipande vitano bila kuulizwa. Khisa alivua shati, akaweka bega chini ya kipande cha kwanza, akaita, "Harambee!" na watu, hata wasioijua, wakaitika, kikapanda lorini. Juu, Marjan aligonga misumari, kidole gumba kimevimba, akina mama wanamwelekeza kwa vidole: "Hilo lilikuwa kushoto! Kuku akae juu ya kitanda cha pili!" Ochola aliweka koti lake juu ya ua wa minyaa, akakamata matawi upande wa pili wa Khisa. Mara ya mwisho kubeba kitu kizito kwa hiari yake hakuikumbuka.

Mabati manne yalikuwa yamebaki, jua limeanza kulala, mwanamke mmoja kutoka upande wa barabara alipoingia getini akitembea kwa kujikaza, dada yake akimshika mkono. Nanyama alimtazama mara moja tu.

"Shukeni!" aliwapigia kelele watu wa juu. "Nina mgeni!"

"Mama, bado manne," alisema mmoja.

Nanyama alitazama anga, akatazama mgonjwa wake. Mgonjwa alishika fremu ya mlango, akapumua, akatikisa kichwa kuonyesha hana muda wa kusubiri mtu.

"Basi ngojeni hapo hapo. Kimya. Na macho yenu yatazame barabarani, Bombo Road."

Wanaume saba walikaa juu ya paa wamelipa mgongo shimo, nyundo mapajani, Marjan kati yao, Khisa mwishoni akiwa na misumari mdomoni. Chini, uani, watu waliacha kusogeza matawi. Sauti ya Nanyama ilisikika, ya upole, ikihesabu. Dada mtu akaanza kuomba. Kisha kilio chembamba, kikali, cha mtu aliyekasirishwa na safari.

Vigelegele vilipasuka uani, na juu ya paa hakuna aliyethubutu kugeuka.

"Msichana!" Nanyama aliita kutoka ndani. "Kilo tatu na zaidi! Sasa mnangoja nini? Mtoto ataloa! Gongeni!"

Nyundo saba zikaanza mara moja.